Doria zimeongezeka na wizi umeongezeka: nani kamleta mwenzake?

Leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayeuliza "bei ya mwisho ngapi?" saa sita usiku. Leo ni wizi, polisi na walinzi. Najua wengine mnauzia nyumbani, mzigo uko chini ya kitanda, mnaona haiwahusu. Inawahusu. Mzigo unalala mahali, na boda anautembeza barabarani. Na ukishaelewa hii hesabu utaona inagusa mpaka hela unayotia kwenye matangazo.

Kaa kijiwe chochote cha bodaboda, iwe hapa Tengeru, Usa River au Kijenge, utasikia hii: "Difenda ya polisi siku hizi inapita kila saa, na wizi ndo umezidi. Hawa hawasaidii kitu." Dakika mbili baadaye mwingine anajibu: "Wewe, kwetu tangu wameanza kupita hatujaibiwa hata kandambili, doria ndo dawa." Watabishana mpaka kahawa iishe. Ila ukiwasikiliza vizuri, wote wawili wanafikiri kwa njia ileile: kitu A kimetokea, kitu B kikafuata, basi A kaleta B. Mmoja anailaumu doria, mwenzake anaisifu, na hakuna aliyethibitisha chochote.

Tuanze na yule anayelaumu. Jiulize, polisi wanapanga gari lipite wapi? Wanapeleka kule ambako watu wamelalamika. Mtaa wenye utulivu hauletewi difenda. Kwa hiyo ukichora ramani ya askari na ramani ya wizi, zitafanana, kwa sababu wizi ndio unawavuta askari. Mshale unatoka upande wa pili. Nenda hospitali ya wilaya, palipo na madaktari wengi ndipo palipo na wagonjwa wengi, na hujawahi kusikia mtu akisema madaktari wafukuzwe ili watu wapone.

Halafu kuna kitu cha tatu, ambacho mara nyingi hakionekani. Sisi hapa tuna gulio Jumatano na Jumamosi. Siku hizo barabara ya Moshi inajaa, ndizi, vitunguu, mitumba, watu kutoka Kikwe, Maji ya Chai mpaka Arusha mjini. Siku hizo askari wanaonekana zaidi, na siku hizo simu zinachomolewa mifukoni zaidi. Askari hawajaleta vibaka, na vibaka hawajatoa taarifa polisi kwamba wanakuja. Soko ndio limewaleta wote. Alhamisi asubuhi soko limeisha, askari wamepungua na vibaka wamepungua. Mtu akichukua hesabu ya siku zote saba bila kuandika ipi ni ya gulio, ataapa kabisa kwamba askari na wizi wanatembea pamoja.

Kingine ni namna tunavyohesabu. Wizi unaojulikana ni ule ulioripotiwa. Kituo kikiwa mbali na nauli ni kubwa, mtu aliyeibiwa mtungi wa gesi ananyamaza. Kituo kikisogea, au mkaguzi wa polisi wa kata akianza kuzunguka na kugawa namba yake ya simu, watu wanaripoti, wanachukua RB, na daftari linajaa. Wizi unaweza kuwa uleule kabisa, au umepungua, na daftari likasema umeongezeka. Ni kama wewe ukianza kuweka namba ya malalamiko kwenye kila mfuko wa mteja. Mwezi wa kwanza malalamiko yatapanda, na bidhaa yako haijaharibika.

Sasa yule anayesifu. Huyu ana mtego wake, na huu ni mbaya zaidi kwa sababu unafurahisha.

Watu wanakaa kikao cha ulinzi lini? Mwezi ambao mambo yametulia hakuna anayeitisha kikao. Tunakaa baada ya mwezi mbaya, fremu tatu zimevunjwa, wote tuna hasira, kila mtu yuko tayari kutoa hela. Ila mwezi mbaya kupita kiasi, kwa kawaida unafuatwa na mwezi wa kawaida hata msipofanya kitu. Mkiweka mlinzi katikati hapo, mlinzi anapata sifa ya kushuka ambako kungetokea bila yeye. Ongeza na msimu: Desemba watu wanapanda kwenda Moshi kula sikukuu, nyumba zimefungwa, hela zinatembea, wizi unapanda. Januari watu wamerudi, hela zimeisha, hakuna cha kuiba. Mlinzi aliyeanza kazi tarehe 28 Desemba ataonekana shujaa hata kama alilala usiku wote.

Tanzania tuna mfano mkubwa wa hii habari, Sungusungu. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Kahama na maeneo ya jirani, wanavijiji wenyewe, na pinde na mishale, baada ya wizi wa ng'ombe na ujambazi kuzidi. Vita vya Uganda vilikuwa vimeisha 1979, silaha zilikuwa zimezagaa, uchumi ulikuwa umebana, polisi walikuwa wachache na mbali. Wazo likasambaa Shinyanga, Tabora, Mwanza, serikali ikaliunga mkono, na 1989 sheria ikabadilishwa ili Sungusungu watambulike. Wazee waliokuwepo watakwambia wizi ulishuka kweli, na mimi nawaamini, maana kijiji kizima kikikimbilia yowe mwizi hana pa kupita. Lakini ukiniuliza ulishuka kwa kiasi gani kwa sababu ya Sungusungu, na kiasi gani kwa sababu dhoruba ya baada ya vita ilikuwa inatulia yenyewe, na ng'ombe wangapi walianza kuibiwa vijiji vya mbali ambavyo havikuwa na ulinzi huo, hapo kumbukumbu ya mzee haitoshi. Unahitaji kijiji cha kulinganisha.

Hicho kijiji cha kulinganisha ndio somo lenyewe. Ngoja niwape majaribio matatu, yameandikwa sana na yanafundisha.

La kwanza ni Kansas City, Marekani. Kuanzia Oktoba 1972 mpaka Septemba 1973, polisi wa kule walikubali jambo ambalo hakuna mkuu wa polisi anayelipenda. Walichukua maeneo 15 ya doria wakayagawa makundi matatu, matano matano. Matano ya kwanza waliondoa doria kabisa, gari linaingia pale tu mtu akipiga simu. Matano ya pili waliongeza magari mara mbili mpaka tatu. Matano ya mwisho waliacha kama kawaida. Mwaka ukaisha, wakahesabu wizi, wakawauliza watu kama wanaogopa. Hakukuwa na tofauti ya maana. Kilichonichekesha ni kwamba wakazi wenyewe hawakugundua kama doria zimeondolewa au zimeongezwa.

Hapa watu wengi wanaruka na kusema "mnaona, polisi hawana kazi". Taratibu. Kilichopimwa ni gari kuzunguka zunguka eneo kubwa bila mpango. Polisi walikuwepo bado, ukiwapigia wanakuja. Jaribio lilisema kuzunguka ovyo hakufanyi kitu. Halikusema jiji lisilo na polisi litakuwa salama.

La pili ni Minneapolis, Marekani hiyohiyo. Watafiti waliangalia simu zinazopigwa polisi wakakuta asilimia 3 tu ya anwani za jiji ndizo zilizotoa nusu ya simu zote. Yaani ubaya umejikusanya sehemu chache, kona fulani, baa fulani, kituo fulani cha basi. Kati ya 1988 na 1989 wakachukua sehemu 110 za namna hiyo, nusu yake wakaziongezea askari, nusu wakaziacha. Zilizoongezewa, simu za uhalifu zilipungua kwa asilimia 6 mpaka 13. Sio muujiza, ila ni kweli. Na mtafiti mmoja, Christopher Koper, akakuta kwamba askari akikaa sehemu kama dakika 10 mpaka 15 halafu akaondoka, utulivu unabaki muda mrefu zaidi kuliko akipita tu kwa gari. Hiyo ishike, tutaitumia.

La tatu ndilo ninalolipenda, ingawa chanzo chake ni msiba. Tarehe 18 Julai 1994, Buenos Aires, Argentina, bomu lililipuliwa kwenye jengo la jumuiya ya Wayahudi, watu 85 wakafa. Wiki moja baadaye serikali ikaweka askari wa kudumu kwenye majengo yote ya Wayahudi na Waislamu. Sasa fikiria: askari hawa hawakupelekwa pale kwa sababu ya wezi wa magari. Walipelekwa kwa sababu ya bomu. Ule mshale wa kuchanganya, wa wizi kuvuta askari, umekatwa. Rafael Di Tella na Ernesto Schargrodsky wakahesabu magari yaliyoibiwa, na 2004 wakatoa majibu. Kwenye kipande cha mtaa chenye askari, wizi wa magari ulikuwa chini kwa asilimia 75 hivi ukilinganisha na mitaa isiyo na askari. Mtaa wa pili au wa tatu kutoka hapo, hakuna mabadiliko yoyote.

Kwa hiyo swali "doria zinasaidia au hazisaidii?" limekaa vibaya. Askari aliyesimama mlangoni anasaidia mlango ule. Gari linalopita mji mzima halimtishi mtu. Mlinzi wenu anayeota moto mwisho wa fremu za upande wa barabara analinda fremu mbili za pale mwisho, na ninyi wengine kumi mnachangia moto wake.

Hii nimeileta kwenye mstari wetu wa fremu, maana tulikuwa tumefika mahali pa kuamua. Nusu walitaka tuache kumlipa mlinzi, nusu walitaka tuongeze wa pili. Mlinzi mwenyewe ni mtu mzima, ana watoto shuleni, na kumuondoa kwa hoja ya kijiweni sio jambo dogo. Nilichopendekeza ni miezi mitatu ya kuandika kabla ya kuamua. Kila tukio linaandikwa: tarehe, saa, fremu ipi, siku ya gulio au sio. Mstari wa jirani ambao hauna mlinzi nao wanaandika, dada mmoja wa duka la vipodozi alikubali kushika daftari lao. Miezi mitatu hiyo tutailinganisha na kwao, na pia na miezi ileile ya mwaka jana kadiri watu wanavyokumbuka na risiti za mafundi wa milango zinavyoonyesha.

Na mlinzi mwenyewe tukambadilishia kazi. Badala ya kukaa sehemu moja, kuanzia saa tano usiku mpaka saa kumi alfajiri anasimama sehemu moja kama robo saa halafu anahama. Kila jioni anachomoa karatasi kwenye kopo, ya juu au ya chini. Ikitoka ya juu, usiku huo anakaa zaidi upande wa juu, ikitoka ya chini, upande wa chini. Mzee mmoja alicheka akasema tumegeuza ulinzi kuwa bahati nasibu. Ndio hivyo hasa. Tukimwachia achague mwenyewe, atakwenda upande anaohisi una hatari, na tutarudi kulekule, upande wenye mlinzi ndio wenye matukio. Karatasi haijui hatari iko wapi, kwa hiyo mwisho wa miezi mitatu tofauti ya upande na upande itatuambia kitu. Faida nyingine, mwizi anayetuchora hawezi kukariri ratiba.

Kuna shida moja ambayo lazima muijue kabla hamjaiga. Kuvunjwa fremu ni tukio la nadra. Miezi mitatu mnaweza kupata matukio mawili tu, moja juu moja chini, na hapo hujajua kitu. Usidanganywe na mtu anayekwambia "wizi umepungua kwa nusu" kumbe ulikuwa mara mbili ukawa mara moja. Ndio maana tunaandika na vitu vidogo vinavyotokea mara nyingi: balbu zilizofunguliwa, kufuli zilizochezewa, maturubai yaliyokatwa kamba. Hivyo ni vingi, vinahesabika, na aliyechezea kufuli wiki hii anaweza kurudi na nondo wiki ijayo.

Sasa nitoke kidogo kwenye hesabu. Hii tabia ya "tangu fulani aje" haiishii kwa polisi. Mara nyingi inaangukia mtu. "Tangu yule kijana apange chumba cha uani, wizi umeanza." Mmesikia. Na mnajua inavyoweza kuisha, yowe, mawe, na kesho taarifa inasema wananchi wenye hasira kali. Hata Sungusungu, pamoja na mazuri yao, wapo waliopigwa na kufukuzwa vijijini kwa kudhaniwa tu. Kijana amehamia mwezi wa kumi na moja kwa sababu kazi za mashamba au ujenzi zimeanza. Wizi umepanda mwezi wa kumi na moja kwa sababu sikukuu zinakaribia. Wapangaji wangapi wengine walihamia mwezi huohuo na hakuna aliyewataja? Hata kwa kufikiri haraka haraka, maswali mawili hayakosi kutosha muda: je, kilianza kabla hajaja? Na kwa jirani ambako yeye hayupo, hakijapanda? Ukishindwa kujibu hayo, usimtaje jina kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ujumbe ule unasambaa kabla hujaufuta.

Turudi kwenye biashara zenu. Kubusti posti ni doria ileile. Unabusti lini? Mauzo yakilala, kati ya tarehe 10 na 20. Unaweka elfu ishirini, tarehe 25 watu wanapata mishahara, mauzo yanapanda, unaandika stetasi "matangazo yanalipa jamani". Mshahara umekulipia, Facebook wamechukua sifa. Mwingine anabusti msimu wa shule, sare zinaisha zote, anaamini. Sare zingeisha tu. Na wapo wanaoachana na matangazo kabisa kwa sababu walibusti wakati wa njaa ya Januari wakaona hakuna kitu, nao wamekosea vilevile.

Fanya kama kopo la karatasi. Kama una wateja Arusha na Moshi, kila Jumatatu rusha shilingi. Ikija kichwa, wiki hiyo tangazo linaonyeshwa Moshi tu, ikija upande mwingine, Arusha tu. Fanya wiki nane bila kudanganya, hata pale roho inapokwambia "wiki hii Moshi kuna harusi nyingi". Kila oda muulize mteja yuko wapi, andika. Mishahara inaingia Arusha na Moshi siku ileile, sikukuu ni ileile, kwa hiyo kinachobaki kutofautisha ni tangazo. Nane bado ni chache, ila ni bora mara kumi kuliko hisia.

La mwisho ni la boda, maana wiki hizi watu wananiuliza kama waache kupeleka mizigo jioni. Dada mmoja anauza viatu, akasema mizigo yake inapotea usiku tu. Nikamuuliza, mchana unatuma mingapi? Akanyamaza. Chukulia mwezi mmoja umetuma mizigo 40 jioni, miwili ikapotea, na mchana umetuma 10, mmoja ukapotea. Macho yanaona jioni ni hatari, imepotea miwili! Ila jioni umepoteza mmoja katika kila 20, mchana mmoja katika kila 10. Jioni kumepotea mingi kwa sababu jioni umetuma mingi, wateja wako wanatoka kazini saa kumi na moja. Ukifunga jioni, unafukuza wateja wengi na kubaki na saa ambayo kwa hesabu yako ni mbaya zaidi. Na bado ni mizigo mitatu tu, kwa hiyo hata hiyo mchana usiihukumu.

Kinachokosekana kwenye daftari za wengi wetu ni mizigo iliyofika salama. Iliyopotea tunaikumbuka kwa uchungu, iliyofika tunaisahau. Chora safu hizi: tarehe, saa ya kutoka, eneo, boda gani, thamani, kalipia kabla au akipokea, imefika au haijafika. Jaza na zile za kawaida zisizo na stori. Boda mmoja akija na upotevu mwingi, kabla hujamwita mwizi angalia kwanza kama ndiye unayempa njia za mbali na za giza kila siku. Wiki mbili mpe njia za karibu, na njia zake mpe mwenzake, halafu soma safu tena.